Barakoa ya Frideswide

Jumamosi, 6 Desemba

Ambrose amerudi kutoka kasrini na habari. Nimechaguliwa kucheza katika mchezo wa barakoa wa Sikukuu ya Mamajusi, mbele ya Mfalme. Mimi. Nilidhani ananitania, nikaendelea na ushonaji wangu. Akarudia.

Mmoja wa mabibi kumi na wawili wanaocheza kashikwa na ndui, maskini, na nafasi yake iko wazi. Sawa. Lakini London nzima imejaa mabinti wa makabaila ambao wangeuza farasi wa baba zao waipate nafasi hiyo. Mimi ni mke wa mtu anayesimama mlangoni na kuwaonyesha wageni pa kukaa. Cheo chetu chote ni ile fimbo nyeupe ya Ambrose. Kwa nini mimi?

Nikamuuliza nani kanipendekeza. "Frideswide," akasema, huku anavua buti. Hakuniangalia.

Ningefurahi. Frideswide ni rafiki yangu. Watu wanamwita Bibi Carrow tangu aolewe na Bwana Carrow, lakini kwangu ni Frideswide tu. Ambrose alilelewa nyumbani kwa baba yake Frideswide tangu utotoni. Ni kama ndugu wa tumbo moja — ndivyo wanavyosema wenyewe. Wengine wanasema baba yake alikuwa karibu kuwaozesha, halafu Bwana Carrow akatokea na mashamba yake. Sijawahi kuuliza.

Jambo moja tu. Mwaka jana Ambrose alisema wanawake wanaocheza kasrini wanajianika kama nguo. Leo amenibusu paji la uso, akasema nitapendeza.

Kuna kitu.

Jumatano, 10 Desemba

Mazoezi ya kwanza. Miguu inawaka.

Sisi ni nyota. Giza limetuteka — Giza ni waigizaji wa kulipwa waliovaa mbawa za popo na vichwa vya bundi, watu wachekeshaji sana, wananuka bia — kisha mwanga wa Mfalme unatukomboa, nasi tunashuka ukumbini juu ya wingu. Wingu ni mbao na turubai, linaning'inia kwa kamba na roda. Linalia kama mlango wa zizi. Fundi anasema litatiwa mafuta. Bibi mmoja ameuliza kama kuna mtu aliyewahi kuanguka, fundi akasema mwaka huu bado.

Mwalimu wetu wa dansi ni Mfaransa, Bwana Duvallon, mwembamba kama mshumaa. Alinitazama nikizunguka mara moja tu. "Bibi Wyvell, nyota haina kwato." Wenzangu wakacheka. Frideswide hakucheka. Alikuja akanishika kiuno, akanizungusha yeye mwenyewe mpaka nikapata.

Mavazi yetu ni mamoja kwa wote: hariri ya bluu, nyuzi za fedha, manyoya kichwani, na barakoa nyeusi inayofunika uso wote mpaka kidevuni. Mtu hawezi kumjua mama yake. Tunatofautishwa na ua la utepe begani, kila mmoja na rangi yake. La Frideswide jekundu, langu kijani.

Nilikwenda kwa fundi cherehani kupimwa. Akasema hakuna haja. "Vipimo vyako ni vya Bibi Carrow, ameshatuambia." Frideswide alinipimia wapi? Lini? Na kwa nini alijua kabla yangu kwamba nitakubali?

Baadaye Frideswide akanisimamisha kando yake mbele ya kioo. Mabega sawa. Shingo sawa. "Tungekuwa pacha, shoga yangu." Alicheka, halafu akaondoka mbele ya kioo kama mtu aliyesema zaidi ya alivyokusudia.

Jumanne, 16 Desemba

Sasa anataka nijifunze hatua zake. Zangu ninazo, za kumtosha mtu yeyote. Lakini anataka nijue na zake, pale anapokwenda mbele peke yake na kuinama kwa Mfalme, na pale anapopita katikati ya wale wengine akirudi. Eti kama ataugua.

Nikamwambia, basi tumwombe Bwana Duvallon anifundishe. Akasema hapana, haraka sana. Tusimsumbue. Tunafanya wenyewe kule juu kwenye ukumbi mrefu, mlango umefungwa, na yeye ndiye anayeimba ala zote kwa mdomo.

Alipoinua mkono, pini za mkono wa gauni zikalegea na lesi ikarudi nyuma. Kifundo cha mkono kimezungukwa na alama, rangi ya plamu zilizoiva sana. Akaona nimeona. "Kamba ya wingu," akasema.

Hakuna hata mmoja wetu anayegusa zile kamba.

 Nikarudi nyumbani nikiwaza: ni nani amemshika hivyo? Mume wake? Au ni mtu aliyekuwa akimzuia asiondoke, akimbembeleza? Mapenzi nayo hushika kwa nguvu. Nimejichukia kwa kuwaza hivyo. Lakini nimewaza.

Ijumaa, 19 Desemba

Chakula cha jioni, nyama ya ng'ombe na haradali. Ambrose anakula. Ghafla anasema, kama anajisemea mwenyewe, kwamba Ursula siku hizi anaogopa mbwa.

Ursula ni mtoto wa Frideswide. Ana miaka mitano. Tangu Septemba yuko kwa bibi yake, mama yake Bwana Carrow, mashambani. Hata mama yake mzazi hajamwona tangu wakati huo; Bwana Carrow hataki. Sasa Ambrose kajuaje kama mtoto anaogopa mbwa au anaogopa bata?

Nikauliza. "Nimesikia." Kwa nani? Akaniomba haradali. Haradali ilikuwa mbele yake.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Theluji kidogo, ya matope. Kanisa lilijaa mpaka mlangoni.

Ambrose aliondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Nikageuka — sikukusudia — nikamwona nyuma ya nguzo pamoja na Frideswide. Mkono wake Frideswide ulikuwa kwenye mkono wa koti la Ambrose. Alikuwa anaongea yeye, Ambrose anatikisa kichwa kukubali. Anakubali, anakubali. Kwangu mimi hajakubali jambo lolote haraka hivyo tangu tuoane.

Nyumbani bata bukini alikuwa mzuri na sikumla.

Nikamuuliza Avis, ambaye amekuwa mtumishi wangu tangu nikiwa mwali, kama jikoni watu wanaongea. Akasema, "Bibi, mimi sisemi kitu," akaendelea kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Kwa hiyo wanaongea.

Ninajaribu kupanga mambo. Wananitaka nicheze. Wananitaka nijue hatua zake. Nguo zangu ni nguo zake. Usiku huo ukumbi mzima, pamoja na Bwana Carrow, utakuwa unaliangalia ua jekundu begani. Na kama chini ya ua jekundu niko mimi, Frideswide atakuwa wapi? Na nani atakuwa naye?

Ambrose ndiye anayejua milango yote ya kasri.

Jumapili, 28 Desemba

Nimefanya jambo. Ngoja niliandike kama lilivyokuwa.

Baada ya ibada kulikuwa na mazoezi, na safari hii wakubwa kadhaa waliruhusiwa kutazama. Bibi Mzee wa Carrow alikuwepo, mama yake Bwana Carrow. Amekuja mjini kwa sikukuu na amemleta Ursula, lakini mtoto amefungiwa nyumba ya Carrow kule Strand na yaya. Frideswide yuko chini ya paa moja na mwanawe na haruhusiwi kupanda ngazi kumwona. Hayo amenieleza Bibi Mzee mwenyewe, kwa sauti ya mtu anayesimulia bei ya samaki.

Ninamwogopa yule mama. Kila mtu anamwogopa. Mwembamba, amenyooka, anatafuna tangawizi ya sukari mchana kutwa. Halali usiku; anatembea nyumba nzima na mshumaa akisikiliza milango ya vijakazi. Alikuja akakaa kando yangu wakati nafunga kiatu, akanipa kipande cha tangawizi.

Akasema, "Unacheza kama mkwe wangu. Nilidhani wewe ndiye."

Wakati huohuo nikamwona Ambrose upande wa pili wa ukumbi. Alikuwa anamshikia Frideswide joho lake avae. Kitu kidogo. Angemshikia yeyote, ndiyo kazi yake. Lakini alimfunga na kifungo cha shingoni.

Nikasema, "Muulize mkweo kwa nini ananifundisha hatua zake. Labda ana pa kwenda siku hiyo."

Ilitoka hivyohivyo. Bibi Mzee aliacha kutafuna. Akanitazama muda mrefu. "Hm," akasema. "Maliza tangawizi yako, mwanangu," akainuka.

 Sijui nilitaka nini. Nilitaka mtu mwingine naye aumie kama ninavyoumia mimi.

Alhamisi, 1 Januari

Zawadi za mwaka mpya. Ambrose amenipa glavu zenye marashi. Nimempa kofia. Tumeshukuriana kama wageni.

Kasrini Ambrose anakimbizana na mabalozi. Mhispania hataki kukaa chini ya Mvenisi, na Mvenisi ametuma ujumbe kwamba afadhali augue. Ambrose anasema wakati mwingine anatamani awakalishe wote juu ya wingu na kukata kamba. Nilicheka. Nilisahau kidogo kwamba simwamini.

Bibi Mzee hajafanya lolote. Namtazama Frideswide kila mazoezi nione kama ameulizwa. Hakuna. Huu ukimya siupendi.

Jumamosi, 3 Januari

Sasa najua. Mungu anisamehe.

Frideswide alikuja hapa asubuhi, na Ambrose akafunga mlango wa sebule. Nikajiambia, ndiyo haya, wananiambia. Nilikuwa nimeshapanga maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri sana.

Frideswide hakukaa. Alifungua pini za mikono yote miwili ya gauni, akavuta lesi juu mpaka viwiko, akanionyesha. Kisha akashusha kola kidogo, akanionyesha na pale. Nikageuza uso. Alisema Bwana Carrow huwa anamshika kifundo cha mkono chini ya meza, mbele ya wageni, na kubonyeza kwa kidole gumba mpaka ashtuke. Kila mara ni palepale. Watu wanaona mume na mke wameshikana mikono.

Lakini si hilo lililomleta. Baada ya sikukuu Ursula anapelekwa kaskazini, kwenye nyumba ya kijana atakayeozwa atakapokua. Atalelewa huko. Frideswide hatamwona tena mpaka siku ya arusi, kama atamwona. Sheria iko upande wa baba; mama hana hata kucha ya mtoto. Frideswide ana kaka yake askari Uholanzi, aliyeahidi kuwapokea. Kuna meli kwenye bandari ya Gravesend itakayoshuka mto na maji ya alfajiri, tarehe saba.

Usiku wa mchezo ndio usiku pekee ambao Bwana Carrow, mama yake na watumishi wao wakubwa wote watakuwa kasrini, Whitehall. Nyumba itabaki na yaya, na yaya yuko upande wa Frideswide. Ndiye aliyekuwa akimpelekea Ambrose habari za mtoto. Habari za mbwa.

Kwa hiyo mpango ni huu. Kabla hatujapanda wingu, mimi nitajifanya nimeteguka mguu. Nitaingia chumba cha nyuma kulala, Frideswide atanifuata kunitazama. Huko tutabadilishana maua ya begani. Mimi nitatoka na jekundu na kucheza badala yake. Yeye atatoka na la kijani, amejifunika joho na barakoa, anachechemea, na Ambrose atampeleka kwenye gari, kama mume anayemrudisha nyumbani mke aliyeumia. Nyota moja itapungua, lakini itakayopungua ni mimi, ambaye hakuna anayenitazama. Mwishoni, watu wakivamia meza ya chakula, nitoke kimyakimya kwa Avis.

Nikauliza kwa nini hawakuniambia mapema. Ambrose akasema, "Tuliogopa ungekataa." Frideswide akasema, "Mimi niliogopa ungekubali, kisha wakuhoji kabla ya siku. Usichokijua hawawezi kukitoa kwako."

Nikasema nitafanya.

Kuhusu Bibi Mzee sikusema neno.  Frideswide alinikumbatia, na mwili wake ulikuwa mwepesi kama wa ndege, nami nikasimama pale kama gogo.

Na bado — naandika kwa sababu hakuna atakayesoma — bado kuna kisauti kinachouliza. Ambrose atampeleka mpaka melini. Je, atashuka?

Jumatatu, 5 Januari

Nimemwambia Ambrose nilichomwambia Bibi Mzee. Sikulala siku mbili, nikashindwa. Nilimwambia wakati anapiga fimbo yake rangi kwa ajili ya kesho.

Hakupiga kelele. Ningependa apige kelele. Aliweka brashi chini. Akataka nirudie maneno yaleyale, kama yalivyokuwa. Nikarudia. Akauliza kama nimemwambia mtu mwingine. Akauliza mara ya pili. Sasa yeye ndiye anayenitazama kama mimi nilivyokuwa nikimtazama mwezi mzima, na ni macho mabaya kutazamwa nayo.

Tukaenda wote kwa Frideswide, tukamkuta kwenye mazoezi ya mwisho. Ambrose akamnong'oneza. Rangi ikamtoka. Nilingoja anitukane. Alikuja mpaka nilipo, akaniweka sawa manyoya ya kichwani.

"Ungeniuliza tu, Thomasin," akasema. "Ningekuambia."

Basi. Hakuna zaidi.

Hawaahirishi. Hawawezi, kesho ni kesho tu. Ambrose anasema labda yule bibi alidhani ni umbea wa wanawake. Frideswide anasema mama mkwe wake hajawahi kudhani kitu chochote. Ama anajua ama hajui.

Jumatano, 7 Januari

Mchana. Ambrose hajarudi.

Alipaswa kuwa hapa asubuhi. Meli ilipaswa kuondoka alfajiri, yeye apande farasi arudi. Nimesimama dirishani mpaka kioo kimejaa pumzi yangu. Nitaandika, nisije nikaenda wazimu.

Jana. Mpaka kwenye chumba cha nyuma kila kitu kilikwenda sawa. Nililia "mguu wangu", nikashika kifundo cha kushoto, Bwana Duvallon akashika kichwa chake. Mabibi wakanizunguka, mmoja akasema ndiyo maana huwa hawachukui watu wa mlangoni. Frideswide akanipeleka ndani. Alibandika ua jekundu begani kwangu. Aliniambia tu nisisahau kuhesabu kabla ya kuinama. Kisha nikavaa barakoa nikatoka, nikapanda wingu, na sikumwona tena.

Wingu lilishuka bila kulia. Mishumaa ilikuwa mingi kiasi kwamba ukumbi wote ulikuwa kama ndani ya tanuri. Nta ilidondokea watu mabegani. Nilimwinamia Mfalme. Sikukosea. Wakati narudi katikati ya wenzangu nikainua macho kwenye safu ya akina Carrow.

Bwana Carrow alikuwepo. Kiti cha mama yake kilikuwa kitupu.

Nilijua mara moja. Yuko nyumbani. Yuko Strand, kwenye ngazi, na mshumaa wake, na Frideswide anaingia mikononi mwake, na mimi ndiye niliyemweka pale. Na nisingeweza kufanya lolote isipokuwa kwenda kulia, kushoto, kuruka, kuzunguka. Ala zinalia, watu wanashangilia. Sijui nilichezaje. Wanasema tulipendeza.

Kisha ikafika ile sehemu ambapo tunashuka kuchagua wanaume wa kucheza nao. Nilijielekeza kwa mzee mmoja wa Venisi, mbali kabisa. Bwana Carrow akasimama mbele yangu. Akanyoosha mkono. Ningekataaje? Usiku huo, ni mume wangu.

Anacheza vizuri, hilo sikulitegemea. Mwepesi kwa mwili ule. Hakusema kitu mzunguko wa kwanza. Wa pili akainamisha kichwa, akasema kwa upole kwamba mama yake kabaki nyumbani, eti ana mafua. "Mama hajaumwa tangu nizaliwe," akasema. "Wewe unaonaje, mke wangu?"

Nikatikisa kichwa. Manyoya yakatikisika. Sauti yangu si ya Frideswide.

Akanishika kifundo cha mkono. Watu wote wanatazama, mume na mke wameshikana. Kidole gumba kikaenda palepale, kikabonyeza. Polepole, halafu kwa nguvu. Nikawa najiambia nivumilie, nisionyeshe kitu, nicheze tu. Nilivumilia vizuri. Nilijivunia.

Tulikuwa tumeshamaliza nusu ya dansi ndipo nilipoelewa. Alikuwa anangoja nishtuke. Frideswide angeshtuka. Mkono wake una jeraha, wangu ni mzima.

Aliniachia. Aliinama kwa adabu zote, akarudi kukaa, na hakuniondolea macho tena. Hakusimama kuita mtu. Mbele ya Mfalme, mbele ya mabalozi, aseme nini? Kwamba simjui mke wangu kwa uso, namjua kwa maumivu?

Chakula kilipofunguliwa watu wakakimbilia meza mpaka ikapinduka, keki za lozi na vioo chini. Nikapenya. Avis alikuwa mahali pake na joho. 

Baadaye kidogo.

Avis ametoka sokoni. Amekutana na mpishi wa nyumba ya Carrow. Nyumba iko juu chini: Bibi Carrow hajarudi, yaya hayupo, kitanda cha mtoto kitupu. Na Bibi Mzee? Bibi Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti juu ya ngazi usiku kucha, kando ya mlango wa mtoto. Anasema alipitiwa na usingizi. Anasema hakusikia kitu. Mwanawe amemfokea mbele ya watumishi, naye akamwambia kwamba mtu mzima wa umri wake ana haki ya kusinzia.

Nimemfanya Avis arudie mara tatu.

Yule mama asiyelala. Alipewa neno na mimi, akalichukua, akabaki nyumbani nalo. Huenda aliwashikia taa washuke ngazi. Huenda aliona mikono ya mkwe wake zamani kuliko mimi, akanyamaza, mpaka akashindwa kunyamaza. Huenda kweli alilala. Sitajua kamwe. Mwezi mzima nimewachunguza watu, na sikumjua hata mmoja.

Basi wamepona. Ursula yuko baharini. Ni kitu kizuri, najua ni kizuri, na bado naangalia barabara. Upepo ni wa kwenda Uholanzi. Kama Ambrose yuko melini pamoja nao, basi mimi ndiye niliyewashikia mshumaa watoroke pamoja. Kama farasi kachechemea huko Gravesend, atafika kabla ya jioni na nitaona haya maisha yangu yote. Sina njia ya kujua. Nimekaa hapa na yote mawili.

Avis amepanda mbio. Bwana Carrow yuko chini.

Avis anasema ni mpole. Amesema amehuzunika kusikia niliteguka mguu, na kwa kuwa mume wangu inaonekana hayupo, amekuja na daktari wake mwenyewe autazame. Daktari ameshavua kofia.

Nimemwambia Avis awajibu navaa. Awape divai, ile nzuri, na awashe moto wa sebule, uchelewe kuwaka.

Mguu wangu uko juu ya kigoda mbele yangu. Mweupe, hauna hata mkwaruzo. Nikishuka nao hivi, atajua kuwa aliyeondoka na Ambrose ni mke wake, na wanaume wake watakuwa Gravesend usiku huu na Uholanzi juma lijalo. Nikishuka nao umevimba, mimi nililala nyumbani jana, na aliyecheza naye alikuwa mke wake, na hana la kumwambia hakimu zaidi ya kwamba hakushtuka.

Nililia nikashika wa kushoto. Frideswide alipotoka mbele ya walinzi, alichechemea wa upi? Sikuona. Nilikuwa nimeshapanda wingu. Kama alisahau, kama kwa haraka alichechemea wa kulia, walinzi watasema.

Hapana. Frideswide hasahau hatua. Wa kushoto.

Avis ameleta chuma cha kuchochea moto, kile kizito. Amesimama nacho, analia, anasema hawezi. Basi atanishikia kigoda tu, nitapiga mwenyewe. Chini wameanza kuuliza kama nahitaji msaada wa kushuka, na mtu amekanyaga ngazi ya kwanza.